Mwaka wa Kuimba Bila Sauti

Hansa alifika nyumbani kwangu Ilala, jirani na soko la Mchikichini, Jumapili ya tarehe 11 Februari 2024, akiwa amevaa suruali na raba nyeupe, nywele zake fupi zimejaa mvi. Sikuwa nimemwona tangu Desemba 1974. Aliponikuta mlangoni alicheka kabla hajatoa salamu. "Shikamoo mama!" alisema, kwa kejeli ileile ya watoto wa Darasa la Kwanza, na mimi, mjane niliyezoea kuamkiwa kwa adabu na mtaa mzima, nikamjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wote mwaka ule, bila kutabasamu: "Marahaba, mwanangu." Ndipo tukashikana mikono, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia. Nilikuwa nimeandaa chai ya tangawizi, kachori, na neno moja. Chai na kachori huandaliwa kwa mgeni yeyote. Neno lile nilikuwa nimelihifadhi kwa miaka hamsini, na kwa mtu kama mimi, ambaye hata marehemu mume wangu alipougua sikukubali kuchangiwa na majirani, halikuwa neno jepesi. Nilitaka kumwambia ahsante. Niliamini kwamba nilisoma kwa sababu ya Hansa. Ili nieleze kwa nini niliamini hivyo, sina budi kuurudia mwaka wa 1974, mwaka ambao tarehe zake ninazo zote kichwani, lakini maana yake ilinipita nikiwa ndani yake na imeendelea kunipita tangu hapo.

Nilianza Darasa la Kwanza Jumatatu ya tarehe 14 Januari 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Sababu za kuchelewa ni za watu ambao wote sasa wako chini ya ardhi, nami sitawafukua. Inatosha kusema kwamba niliishi na shangazi yangu, Bi Tatu, katika chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na kwamba yeye ndiye aliyekubali, baada ya kubembelezwa mwaka mzima, niandikishwe shule. Alikubali kwa sharti. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anakaanga maandazi ya kuuza, na hakuinua uso. "Mwaka mmoja," alisema. "Nikiona kitu, utaendelea. Nisipoona, utarudi hapa." Akagonga ukingo wa karai kwa upawa ili nielewe hapa ni wapi. Mpangaji mwenzetu aliyekuwa akikinga maji bombani alicheka hadi akaegemea ukuta. "Bi Tatu, mwari mzima unampeleka Darasa la Kwanza! Huyu atamaliza la saba anasindikizwa na wajukuu." Shangazi akageuza andazi. "Basi wajukuu hao ndio watakaokusomea barua zako, maana sasa unasomewa na fundi cherehani, na mtaa mzima tunajua mumeo kakuandikia nini." Nilijivunia jibu hilo kwa siku kadhaa. Baadaye tu ndipo lilipoanza kunisumbua lile neno lake la kwanza. Shangazi hakujua kusoma. Angekiona vipi hicho kitu alichotaka kukiona? Sikuthubutu kumwuliza.

Shuleni, mwalimu wa zamu aliniuliza nimemleta mtoto gani. Nilipomwambia kwamba mtoto ni mimi, alinitazama kuanzia viatuni, akanipeleka darasani mwenyewe, akaniketisha dawati la nyuma pamoja na msichana mdogo kuliko wote, labda kwa kudhani mrefu na mfupi wakiwekwa pamoja watapata wastani. Huyo ndiye Hansa. Alikuwa mtoto wa Kihindi wa miaka saba, nywele zake zimesukwa mkia mmoja uliopakwa mafuta mpaka ukang'aa, na miguu yake haikufika sakafuni. Wenzetu walikuwa hawajamaliza wiki walipobuni mchezo wao: kila niingiapo, darasa zima linasimama. "Shikamoo mama!" Nilikuwa na njia mbili, kulia au kuitikia. Niliitikia. "Marahaba, wanangu. Hamjambo? Kaeni." Hansa peke yake hakusimama. Aliniambia siku moja, kwa uzito wa mtu aliyelifikiria sana jambo, "Mimi sikuamkii, kwa sababu wewe hujazaa." Urafiki wetu ulianzia hapo.

Siku za Jumanne na Alhamisi tulifundishwa muziki na Mwalimu Anselmi, mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo kola yake iligeuzwa ndani nje na kushonwa upya. Alikuwa amesoma kwa wamisionari huko kwao na aliupenda muziki kwa namna ambayo sisi watoto tuliiogopa kidogo. Alituambia kwamba nchi inayojitegemea hainunui vyombo, inavitengeneza, kwa hiyo kila mtoto alete kopo na nafaka ya kutikisa ndani yake. Mwaka ule unga wenyewe ulikuwa wa kupanga foleni dukani tangu alfajiri. Nilimpelekea shangazi habari hiyo. "Mchele wa kutikisa," alisema. "Wa kula haujapatikana, mwalimu anataka wa kutikisa." Akanipa kokwa za ukwaju, na kopo langu likawa na mlio mzito kuliko ya wenzangu wote, jambo ambalo halikunisaidia kuonekana mdogo. Lakini vyombo vilikuwa kitu cha pili. Cha kwanza kilikuwa ngazi. Mwalimu Anselmi aliichora ubaoni kwa chaki, na kila kipago alikiandikia jina: do, re, mi, fa, so, la, ti, na juu kabisa do nyingine. Alikuwa na kijichuma chenye meno mawili mfano wa uma. Alikigonga gotini, akakisogeza sikioni, akafumba macho, akatupa sauti ya kuanzia. Kisha fimbo yake ilipanda na kushuka kwenye ngazi ile, nasi tukaifuata kwa sauti. Kabla sijajua kuandika jina langu nilijua kuisoma ngazi. Nilidhani hiyo ndiyo elimu yenyewe na herufi zitafuata.

Hapa lazima nieleze jambo la shangazi yangu, kwa kuwa ndilo chanzo cha yote. Bi Tatu alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake cha kaswida mtaani kwetu. Kila Alhamisi baada ya alasiri walikutana uani, wakatandika mikeka kati ya bomba na majiko, wakafanya mazoezi kwa ajili ya maulidi na shughuli za watu. Mimi niliimba nao tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na aliyenifundisha alikuwa yeye. Alinifundisha kwamba sauti haiachwi ikatua kama jiwe. Inazungushwa, inapindwa, inateremshwa polepole, na mwenye kusikiliza asijue ni wapi ilipoacha mahali pamoja na kufika pengine. Mtoto aliyeimba kwa kuruka kutoka sauti hadi sauti shangazi alimfananisha na mwita abiria wa kituo cha basi. Sasa fikiria mtoto aliyelelewa hivyo anasimamishwa mbele ya ngazi ya Mwalimu Anselmi. Fimbo ikigusa do, ninaimba do. Ikigusa re, ninakwenda re, lakini kwa njia niliyoijua, nikipita kila kitu kilichoko katikati na kukizungusha. "Usiteleze!" mwalimu alisema. Sikuelewa. Nilitazama miguu yangu. "Sauti, Mwanahawa, sauti! Mtu hapandi ngazi kwa kuteleza. Kanyaga hapa, kisha kanyaga hapa." Nikakanyaga, nikateleza tena. Hansa naye aliteleza, kwa namna yake ya kwao, maana kwao kulikuwa na nyimbo za ibada kila jioni. Watoto wengine, ambao hawakuwa wamefundishwa kuimba na mtu yeyote, walipanda ngazi wima kama askari. Sisi wawili tuliokuwa tumefundishwa ndio tulioshindwa.

Mwalimu Anselmi hakuwa mtu mbaya. Alitujaribu kwa muda mrefu, akatubakiza saa ya mapumziko, akatugongea kile kijichuma sikioni mpaka meno yangu yakawasha. Februari ilipokaribia kwisha alituita mbele ya dawati lake. "Nyinyi wawili mtasimama mwisho wa mstari," alisema. "Mtafungua midomo pamoja na wenzenu, vizuri, kama wanavyofungua. Lakini msitoe sauti." Siku nyingi baadaye nilijikaza nikamfuata barazani kumwuliza kama hiyo ilikuwa adhabu. Alishangaa kwa dhati. "Adhabu? Wewe ndiye mrefu. Wadogo wanakutazama wewe ili wajue wafungue mdomo saa ngapi. Nimekupa kazi ngumu kuliko zote." Nikaondoka nikiwa sijui kama nimesifiwa au nimefukuzwa. Nimekuwa mwanafunzi, karani, mke na mjane, na bado sijui.

Mtu ambaye hajawahi kuimba bila sauti hawezi kujua jinsi kazi hiyo inavyochanganya. Ukifungua mdomo kwa wakati barabara, ukaupa umbo la do na la fa, na darasa zima likaimba kando yako, sauti yao huingia mdomoni mwako ikakaa humo kana kwamba ni yako. Nilitoka darasani koo limekauka kwa kazi ambayo sikuifanya. Wazazi waliopita dirishani walinisifu: "Yule mrefu anaimba kwa moyo!" Nami nikaona haya, kisha nikaona fahari, kisha nikaanza kusahau. Maulidi ya mwaka ule yalikuwa mwanzoni mwa Aprili. Shangazi alinipa ubeti wangu wa kila mwaka, niuimbe peke yangu mbele ya wanawake wa mitaa mitatu. Zamu yangu ilipofika nilisimama katikati ya mikeka, moshi wa ubani ukanipita usoni, nikafungua mdomo, nikaimba. Nakumbuka kwamba niliimba. Nilipomaliza niliona wanawake wamenikodolea macho, na shangazi akaudaka ubeti upesi, akauimba yeye tangu mwanzo.

Aliningoja hadi wageni walipoondoka na masinia yakawa yanaoshwa. "Ulikuwa unafanya nini pale?" aliuliza. "Nilikuwa ninaimba, shangazi." "Ulikuwa unapiga miayo," alisema. "Mdomo wazi kama samaki changu wa Magogoni, hakikutoka kitu." Nilimwapia kwamba nimeimba. Alinigusa paji la uso kwa kiganja chenye povu kuona kama nina homa. Ningeweza kumwambia habari ya Mwalimu Anselmi, na kwa siku nyingi nilitembea na maneno hayo ulimini. Lakini nilimjua. Mwalimu aliyeikataa sauti yangu alikuwa ameikataa ya kwake, na kesho yake ningekuwa mbele ya karai. Nikanyamaza. Naye akafikiria, akasuuza sinia, akaliegemeza ukutani, kisha akatamka lile lililoutawala mwaka wangu uliobaki. "Shule imekula sauti yako, na mimi sijaona imekupa nini, maana hayo mavumbi ya chaki siwezi kuyasoma. Nimeambiwa mwisho wa mwaka wazazi wanaitwa kusikiliza watoto. Nitakuja. Nitakaa mbele, nitafumba macho. Sauti yako naijua, hata waimbe mia. Nikiisikia, utaendelea na shule yako. Nisipoisikia, Januari ni mimi na wewe na moto." Hatimaye nilikuwa nimejua ni kitu gani angekitafuta, nacho ndicho kitu pekee nilichokatazwa shuleni kukionyesha.

Nilijaribu kuitafuta sauti mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa kwa kina Hansa. Waliishi ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, upande wa kwenda Mnazi Mmoja, katika nyumba ambayo ilikuwa yao kabla ya serikali kuichukua na sasa waliilipia kodi kama wapangaji wengine. Sikuwahi kuingia ndani ya ghorofa kabla ya hapo. Sakafu ilikuwa na vigae vyekundu vya baridi, kulikuwa na harufu ya bizari na maua yaliyoanza kunyauka mbele ya picha, na mama yake Hansa, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, alitulisha dengu na chapati nyembamba tukiwa tumekaa sakafuni jikoni. Maji nilipewa katika glasi ya chuma iliyowekwa peke yake kwenye kizingiti cha dirisha. Kila nilipokwenda niliikuta palepale, na hakuna mwingine aliyeigusa. Niliporudi nyumbani nilimwambia shangazi kwamba kwa kina Hansa nimetengewa glasi yangu mwenyewe. Shangazi hakusema kitu, nami niliudhani ukimya huo kuwa ni wivu.

Mama Hansa alikuwa na kinanda cha sandukuni, kile kinachopulizwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine. "Imba ile ya kwenu, mtoto," aliniambia siku moja. Niliogopa kwamba kitu hakitatoka, kama kwenye maulidi, lakini chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na mtu wa kuifunika sauti yangu, nayo ikatoka. Aliifuata kwa vidole. Mahali fulani akakwama. Akabonyeza kibao kimoja, akatikisa kichwa. Akabonyeza kinachofuata, akatikisa kichwa. Akavibonyeza vyote viwili pamoja vikalia vibaya, akacheka hadi bangili zikacheka naye. "Hiyo yako humu haimo. Iko katikati." Hansa akauliza, "Sasa nani amekosea, mama?" "Sanduku," alijibu, akafunga kinanda akaenda kugeuza chapati. Sikujua nimwamini nani. Uani kwetu sauti yangu ilikuwa imekufa, shuleni ilikuwa ikiteleza, na hapa ilikuwa nzima lakini sanduku halikuwa na nafasi yake. Chumba cha pili baba yake Hansa na ami yake walizungumza kwa lugha yao, maneno yakikimbia kama maji, na katikati ya maji hayo nikasikia London, kisha ushuru, kisha London tena. "Wanasema nini?" niliuliza. Hansa akasikiliza kidogo, mdomo umejaa chapati. "Habari za sukari," alisema.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 2 Novemba 1974. Madawati yalitolewa uwanjani, akina mama wakakaa mbele na kanga zao, akina baba wakasimama nyuma na baiskeli zao. Kutoka upande wa soko jipya, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, zilisikika nyundo za mafundi. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele katikati, kanga mpya, mikono mapajani. Hansa alikuja amefungwa kitambaa cheupe shingoni, kinanukia mafuta ya karafuu. Nilimwuliza ni cha nini. Akatikisa kichwa tu, akashika pindo la sare yangu. Nilidhani ni pambo la kwao la siku kubwa. Mwalimu Anselmi alitupanga, akafika mwisho wa mstari, akatutazama sisi wawili na kuweka kidole mdomoni. Kisha akagonga kijichuma gotini.

Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe, wa jembe na shamba la shule, beti tatu, na katika ubeti wa mwisho sauti zilipanda ngazi yote mpaka do ya juu. Shangazi alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Ubeti wa kwanza ulipita, uso wake haukubadilika. Wa pili ukapita, akaukunja kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mimi nilifungua mdomo na kuufunga, nikitazama kope zake, na nakumbuka nilifikiri juu ya karai, si juu ya moto wake bali ule mlio wake, chwii, unga unapoingia katika mafuta. Tukaanza kupanda. So, la, ti. Hapo, juu ya sauti zote zilizokuwa zikikanyaga vipago, ikatokea sauti moja isiyokanyaga. Ilipita katikati, ikazunguka, ikaning'inia kando ya ile do ya juu bila kuishika, ikateremka polepole, ndefu, hata wenzetu walipomaliza bado ilikuwa ikishuka peke yake. Mikono ya Mwalimu Anselmi ilisimama hewani. Nilishuka kwa macho kumtazama Hansa: mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, uso umeiva. Ni Hansa, nilijiambia. Mtoto huyu ameniimbia. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa bado amefumba ya kwake, na kichwa chake kilikuwa kikiyumba taratibu, kulia na kushoto, kama kinavyoyumba mikekani siku ya Alhamisi.

Watu walipopiga makofi Mwalimu Anselmi alitujia. Alimtazama Hansa, akanitazama mimi, akamrudia Hansa. "Ni nani kati yenu?" aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Hansa aliinamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, kwa kuwa sikutaka kumsaliti. Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wetu aje asalimiane na wageni, na swali lake halikujibiwa. Jioni ile tulikula ugali wa unga wa njano na dagaa wa nazi, shangazi na mimi, mlango wa chumba ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Alimaliza tonge lake, akalamba kidole. "Nimekusikia," alisema. "Umeningojesha mpaka mwisho, nikadhani huji. Januari utahitaji viatu." Basi. Yule mpangaji mwenzetu akachungulia mlangoni: "Ehe, mwari ameimba?" Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Ameimba. Nenda kalale." Nilitamani kumwambia shangazi kwamba amekosea, kwamba masikio yake yamedanganywa na mtoto wa miaka saba, lakini tonge lilikuwa mdomoni, na shule ilikuwa upande wa kunyamaza.

Mwezi uliofuata familia ya Hansa iliondoka. Hazikuwa habari za sukari. Januari 1975 dawati letu lilikuwa na nafasi tupu, na Mwalimu Anselmi alikuwa amehamishwa kijijini. Mwalimu aliyemfuata aliifuta ile ngazi ili apate mahali pa kuandika hesabu, nami nikamaliza la saba mwaka 1980, nikaajiriwa ofisi moja Posta, nikastaafu na jina zuri. Lakini sikuimba tena. Kila shangazi aliponipa ubeti nilisema koo linauma, mpaka akaacha kunipa. Nilijihesabu kuwa mtu aliyepita mlangoni kwa sauti ya mwingine. Mume wangu, aliyefariki tarehe 3 Mei 2016, alinisikia nikimsomea gazeti kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yetu. Hakunisikia nikiimba hata nikimbembeleza mtoto.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nilipomkaribisha Hansa kachori ya pili. Yeye alianza na lake. Aliitazama glasi aliyoishika, akaizungusha. "Dada Hawa, ile glasi ya dirishani. Unajua ilikuwa ya nini?" Nikamwambia ninajua sasa, kwamba ilitengwa ili nisiguse vyombo vyao. "Lakini siku zile nilidhani ni heshima. Nilimringia nayo shangazi." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akafuta macho. Nikaona nisipolisema langu wakati ule sitalisema tena. Nikamwambia kwamba siku ile ya wazazi, alipoimba kwa niaba yangu, alininunulia elimu yangu yote, na kwamba nimechelewa miaka hamsini lakini ahsante.

Hansa alinitazama kama mtu aliyepewa mzigo wa jirani. "Mimi?" alisema. "Mimi nimeimba?" "Wewe. Nilikuona, mdomo wazi." "Hawa, siku ile sikuwa na sauti kabisa! Koo lilikuwa limevimba, hata maji hayapiti. Mama alinifunga kitambaa cha karafuu, akataka nibaki nyumbani, nikalia mpaka akaniachia. Nilifungua mdomo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo." Akaweka glasi mezani. "Aliyeimba ni wewe. Nilikuwa nimeshika sare yako. Nilikusikia kwa mkono, sauti ilikuwa inatetemeka mbavuni mwako. Mwalimu alipouliza, niliinama nisije nikakutazama akajua."

Nje muuza mitumba alikuwa akinadi mashati ya mwisho ya jioni. Nilimsikiliza yeye kwa muda, kwa sababu sikuwa na pa kuyaweka maneno ya Hansa. Nilikikumbuka kile kitambaa. Nilikumbuka shangazi akisema sauti yako naijua, hata waimbe mia, na jinsi alivyoingia kaburini, Agosti 1991, mimi nikiwa na hakika kwamba siku ile alikosea. Niliutafuta mwilini mwangu ule wimbo, mtetemo, pumzi, chochote, nikakuta mdomo wazi na kimya, kama nilivyokuwa nikikuta siku zote. Na maulidi ya Aprili je, niliyokuwa na hakika kwamba niliimba? Nilimwambia Hansa kwamba sijui. Niliona aibu, kwa umri wangu, kutojua jambo kama hilo.

"Basi imba," alisema. "Ile ya kwenu, ambayo haikuwamo kwenye sanduku la mama." Nikamwambia niache, watu wazima sisi. "Imba, mama," alisema, na safari hii hapakuwa na kejeli. Nikakaa wima. Nikaweka mikono mapajani. Nikafungua mdomo, na kwa kuwa sikuweza kujua kutoka ndani kama kuna kinachotoka, nikamtazama Hansa usoni. Alikuwa amefumba macho. Kisha kichwa chake, chenye mvi na nywele fupi, kikaanza kuyumba taratibu, kulia na kushoto.